Waliotwaa Fort Jesus Walitoka Mashambani: Siku Moja katika Ngome za Omani Bara

Shuleni tulifundishwa kwamba Waomani waliitwaa Fort Jesus, ngome ya Wareno mjini Mombasa, Desemba 1698, baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Tulikariri tarehe, tukajibu mtihani, tukasonga mbele. Hakuna aliyetuambia watu hao walitoka kijiji gani, walikula nini, wala aliyewatuma alipata wapi mali ya kuendesha vita vya karibu miaka mitatu ng'ambo ya bahari. Kwetu sisi watoto wa Mombasa walikuwa watu wa majahazi tu, waliokuja na kaskazi wakaingia kwenye historia yetu kama ambavyo wafanyabiashara huingia bandarini.

Hivyo sivyo ilivyokuwa. Ukoo wa Yaaruba, uliowatoa Wareno Maskati mwaka 1650 na Mombasa mwaka 1698, ulikuwa ukoo wa bara. Nguvu yake ilikuwa katika miji ya ndani, nyuma ya milima, katika nchi ya mitende na mifereji ya maji. Kutoka Maskati hadi Nizwa, uliokuwa moyo wa nchi hiyo, ni zaidi ya kilomita 150. Nilipokwenda kumtembelea mjomba wangu anayeishi Maskati, nilimwomba jambo moja kabla ya sokoni, kabla ya ufukweni, kabla ya kuzungushwa kwa jamaa: nipeleke bara nikaone walikotoka.

Mjomba alizaliwa Unguja. Alihamia Maskati katika miaka ya 1970, baada ya Sultani Qaboos kushika utawala na kuwaita Waomani walioko nje warudi. Kiarabu chake bado kina mwendo wa Kiswahili na nyumbani kwake huwezi kupitisha siku bila kusikia "karibu, kuna chai". Aliponisikia akacheka kwa furaha. "Watu wakija huku huniambia niwapeleke madukani. Wewe wataka ngome! Basi tutaondoka alfajiri."

Ilikuwa Jumamosi. Binti yake ndiye aliyeshika usukani, mjomba akakaa mbele na chupa ya kahawa miguuni na mfuko wa tende, mimi nyuma na daftari. Barabara inaingia milimani kupitia pengo la Samail, na hapo mawe yanabadilika rangi, yakawa meusi na ya kahawia kama yaliyoungua. Wanajiolojia wanalijua sana eneo hili: miamba hiyo zamani za kale ilikuwa sakafu ya bahari, ikasukumwa na kuinuliwa juu ya nchi kavu. Mjomba hakuwa na haja na hilo. Yeye alikuwa akitaja vijiji na nani wa Unguja au Pemba ana asili ya wapi. Fanja, akataja ukoo. Samail, akataja ukoo. Izki, akataja koo mbili na duka moja la Darajani lililokuwa likiuza vitambaa.

Tulipita Nizwa bila kusimama. Nilitaka kuanzia mbali, Jabrin, kisha kurudi nyuma kupitia Bahla na kumalizia Nizwa. Nawashauri na wengine wafanye hivyo, kwani Jabrin inahitaji akili iliyo safi na miguu ambayo haijachoka ngazi.

Jabrin inakaa kwenye uwanda mpana kando ya mitende, jumba refu la rangi ya mchanga lenye minara miwili ya duara kwenye pembe zinazokabiliana. Ilijengwa na Imamu Bil'arab bin Sultan (kwa Waomani wa wakati huo imamu ndiye mtawala wa nchi) katika miongo ya mwisho ya karne ya 17. Baba yake, Imamu Sultan bin Saif, ndiye aliyewafukuza Wareno Maskati. Bil'arab aliurithi utawala nchi ikiwa imetulia na hazina imejaa, akahamisha makao yake kutoka Nizwa kuja hapa. Alikuwa mshairi na mpenzi wa elimu. Ukiingia ndani unauona upenzi huo kila pembe, maana hii ni ngome ambayo mwenyewe alitaka kuishi ndani yake, akasoma, akapokea wageni, akalala usingizi mzuri.

Chini kabisa, karibu na ardhi, kuna ghala la tende, na hapo nilikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Sakafu yake ina vijifereji vilivyokwenda sambamba. Tende zilijazwa katika makanda ya ukindu, makanda yakapangwa moja juu ya jingine hadi karibu na dari. Uzito wa yale ya juu uliyakamua yale ya chini, na asali ya tende ikateremka taratibu kwenye vijifereji mpaka kwenye mitungi. Hakuna mashine, hakuna moto. Ni uzito, joto na subira. Chakula cha mwaka mzima kinakaa pale pale, na kutoka humo humo unapata asali ya kulia mkate, ya kuhifadhia, ya kutia dawa, na siku ya vita, ya kuchemsha na kummwagia adui anayepanda ngazi. Mjomba alishika ukuta akasema, "Hii ndiyo benki yao." Nilikubaliana naye moja kwa moja. Mwenye ghala kama hili anaweza kufungiwa lango kwa miezi na asisalimu amri. Anaweza pia kulisha askari na mabaharia wanaokwenda mbali, kwani tende ni chakula cha safari: haiozi haraka, haihitaji kupikwa, na kanda moja hubebwa na mtu mmoja au ngamia bila taabu.

Ghorofa za juu ni jambo jingine kabisa. Dari za mbao zimechorwa maua na mizabibu kwa rangi nyekundu na nyeusi ambazo bado zinaonekana, na kwenye matao ya ngazi kuna maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye plasta. Chumba maarufu zaidi kinaitwa Chumba cha Jua na Mwezi. Kina madirisha kumi na manne, saba chini na saba juu. Hewa ya baridi huingia kwa madirisha ya chini, ile iliyopata joto hupanda na kutokea ya juu, na chumba kinapumua chenyewe mchana kutwa. Binamu yangu, ambaye kazi yake ni ya mambo ya ujenzi, alisimama katikati na kunyosha mkono kuupima upepo. Akasema kwa sauti ya heshima kwamba nyumba wanazojenga Maskati leo hazina akili hii, zinategemea kiyoyozi peke yake. Kwenye sebule ya imamu tulikaa chini sakafuni, migongo ukutani, kama walivyokaa wageni wake. Juu zaidi, karibu na paa, ni mahali pa ibada na madrasa. Vijana walisoma fiqhi na elimu nyingine hapo, juu ya vyumba vya askari, juu ya ghala la tende. Niliupenda mpangilio huo: chakula chini, ulinzi katikati, elimu juu kabisa karibu na anga.

Na maji? Falaj inapita ndani ya ngome yenyewe. Falaj ni mfereji unaoleta maji kutoka chemchemi au kutoka maji ya chini ya ardhi milimani, ukiteremka kwa mwinuko mdogo mno, wakati mwingine kwa kilomita nyingi chini ya ardhi, mpaka unafika kijijini. Ngome ya Jabrin ilijengwa juu ya maji yake ili adui asiweze kuyakata kwa urahisi.

Kando ya falaj hiyo, katika chumba cha chini chenye dari ya tao, yumo Bil'arab mwenyewe. Amezikwa ndani ya jumba lake.

Habari ya kifo chake ndiyo iliyoniunganishia kila kitu. Bil'arab alikuwa na ndugu mdogo, Saif bin Sultan. Ndugu hawa waligombana. Saif alitafuta wafuasi, akajitangaza imamu, akazichukua ngome moja baada ya nyingine, mwishowe akamzingira kaka yake hapa hapa Jabrin. Masimulizi ya Waomani yanasema Bil'arab, alipoona damu inamwagika kwa ajili yake na hana njia, alimwomba Mungu amchukue, naye akafa ndani ya kuta alizozijenga. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1690. Saif akabaki imamu peke yake, akaitwa Qaid al-Ardh, pingu ya ardhi, kwa jinsi alivyoikamata nchi.

Miaka michache tu baadaye, Machi 1696, majahazi ya Saif yalitia nanga Mombasa.

Nilisimama mbele ya kaburi nikilifikiria hilo. Aliyeizingira Fort Jesus alikuwa amejifunza kuzingira kwa kumzingira ndugu yake. Watu wa Mombasa na Pate walikuwa wamelalamika kwa miaka kuhusu Wareno, na tangu enzi ya baba yake walikuwa wakipeleka habari Omani kuomba msaada. Waomani walikwisha kuwashambulia Wareno Zanzibar mwaka 1652 na mji wa Mombasa mwaka 1661. Kwa hiyo sababu zilikuwepo, na za kweli. Lakini aliyeweza kuleta jeshi na kuliweka mbele ya ngome moja kwa muda mrefu vile, magonjwa yakiwamaliza watu wa ndani na wa nje, alikuwa ni yule aliyetoka kumaliza fitina nyumbani na kukusanya mikononi mwake mitende, mifereji na makanda yote ya Omani Bara.

"Ndugu wawili wamegombana hapa," mjomba alisema tulipokuwa tunatoka, "na sisi tukageuka raia wa mmoja wao bila kuulizwa."

Binamu ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi nilikuwa nalizunguka. Tulikuwa tumekaa kivulini nje ya lango, tunakula tende. Akasema, "Na waliobeba udongo? Na waliopanda mitende?" Hakuna ukuta Jabrin wenye majina yao. Tunajua hata hivyo kwamba chini ya Yaaruba mashamba ya mitende yalipanuliwa sana, mifereji mingi ikafufuliwa na kuchimbwa upya, na kwamba sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki. Baada ya Mombasa kutwaliwa, njia ya kuwaleta ilikuwa wazi zaidi. Historia hii haiwezi kusimuliwa kwa kuangalia dari zilizochorwa peke yake. Tulikombolewa kutoka kwa Wareno, ndiyo, na mashairi yetu ya zamani yalifurahi. Wakati huo huo kuna watu wa bara letu waliovushwa bahari kwa nguvu, wakaja kumwagilia mitende iliyolipia majahazi. Yote mawili yametokea, kwa mkono wa mtawala yule yule, na nadhani mtu wa pwani akifika Jabrin ana deni la kuyafikiria yote mawili pale pale alipo, mbele ya ghala la tende. Mjomba hakubishana. Alisema tu kwamba babu yake hakuwahi kuyazungumza hayo mbele ya watoto, na kwamba yeye ameamua kuyazungumza mbele ya wajukuu.

Bahla iko karibu, mwendo mfupi kwa gari. Ukiwa bado barabarani unaiona, kwa sababu ni kubwa mno kuliko kila kitu kilicho karibu nayo. Kuta na minara yake inapanda kiasi cha mita 50 kutoka chini, juu ya kilima, yote kwa matofali mabichi ya udongo yaliyokaushwa juani, juu ya msingi wa mawe. Na ngome hiyo ni kitovu tu. Mji mzima, na mashamba yake, ulizungushiwa ukuta wa udongo wenye urefu wa kilomita kumi na zaidi. Waliofanya hivi ni Banu Nabhan, ukoo uliotawala Omani Bara kuanzia karne ya 12 hadi mwisho wa karne ya 15.

Jina hilo linagusa Lamu. Masultani wa Pate, na baada yao wale wa Witu, walikuwa Wanabahani, wakijinasibisha na ukoo huu. Nimekulia karibu na watu wanaolibeba jina hilo hadi leo. Kusimama Bahla ni kusimama mlangoni kwa nyumba ambayo nusu ya hadithi za Pate zinadai kutoka. Upeo wa nasaba hizo wanahistoria wanabishania, na wacha wabishane. Mimi nilitosheka kuona ukubwa wa kile ambacho Wapate walitaka kuhusishwa nacho.

Bahla iliwekwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1987, ya kwanza Omani. Mwaka uliofuata ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Udongo ni mkarimu lakini hauna subira na maji: kila msimu wa mvua vipande vya kuta vilikuwa vikidondoka, na baadhi ya marekebisho yalitumia vifaa visivyolingana na vya asili. Kazi ya kuiokoa ilichukua miaka mingi. Walirudi kwenye matofali ya udongo na majani makavu, kwenye plasta ya udongo, kwenye vigogo vya mitende, na kwenye njia za kuondosha maji ya mvua haraka. Ikatolewa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na watu wa kawaida wakafunguliwa milango mwaka 2012.

Ndani, Bahla si kama Jabrin. Ni tupu. Hakuna mazulia, hakuna vyungu vilivyopangwa, hakuna maelezo mengi ukutani. Vyumba vinafunguka kwenye vyumba, ngazi zinapanda halafu zinakatika kwenye paa, kisima kimechungulia gizani. Kuna watu watakaoona hakuna cha kuangalia. Mimi nilipenda utupu huo, kwa vile unakuachia kuona ukuta wenyewe, alama za viganja kwenye plasta mpya, na jinsi mwanga wa adhuhuri unavyoingia kwa matundu ya kulengea shabaha na kuandika mistari sakafuni. Mtu akiniuliza nimwonyeshe kwa nini udongo ni nyenzo ya fahari na si ya umaskini, nitamleta hapa. Kwetu, mtu akipata hela jambo la kwanza ni kubomoa nyumba ya udongo ya wazee. Nimeliona hilo katika kijiji baada ya kijiji. Laiti mafundi wetu wangeletwa Bahla kwa mafunzo, hata kwa wiki chache, wakafundishwa na mafundi walioirudisha ngome hii.

Bahla pia ina sifa ya majini. Inasimuliwa kwamba ukuta wa mji ulijengwa kwa usiku mmoja tu, na kwamba palikuwa na mti sokoni uliofungwa minyororo ili majini wasiende nao. Mjomba anasema Pemba wazee walikuwa wakitaja Bahla kwa sauti ya chini, kama watu wa mahali pengine wanavyoitaja Pemba. Nje ya ngome bado kuna wafinyanzi, na mitungi ya Bahla inajulikana Omani nzima. Tulinunua chetezo kidogo cha udongo kwa ajili ya shangazi, tukaondoka.

Chakula cha mchana tulikula njiani, wali wa nyama kwenye sinia moja, tumekaa chini. Baada ya swala tulifika Nizwa.

Huwezi kuuchanganya mnara wa Nizwa na mwingine. Ni duara nene la jiwe na chokaa, kipenyo chake kinapita mita 30, umejazwa udongo na mawe hadi karibu nusu yake, ili mzinga wa adui upige na usipasue kitu. Imamu Sultan bin Saif, baba wa wale ndugu wawili, aliujenga baada ya kuitwaa Maskati, na ujenzi ulichukua miaka 12. Wakati huo vita vilikuwa vimebadilika. Baruti na mizinga zilikuwa zimeingia, na ukuta mrefu mwembamba kama wa zamani haukutosha tena. Waomani walikuwa wamewatoa Wareno kwenye ngome zao wenyewe na kuona zilivyojengwa. Mnara wa Nizwa ni jibu lao: mnene, wa mviringo, wenye matundu ya mizinga yanayotazama pande zote za dunia.

Ili ufike juu unapita ngazi nyembamba zinazokunja kona ghafla. Kila kona ina mlango mzito wa mbao, na juu ya kila mlango kuna upenyo wa kumwagia asali ya tende iliyochemshwa. Mbele ya milango kuna mashimo marefu yaliyokuwa yakifunikwa kwa mbao. Walinzi wakiziondoa, anayekimbia gizani anatumbukia. Binamu alipanda akihesabu milango, mimi nilipanda nikishika ukuta. Mjomba alibaki uani chini ya kivuli, akazungumza na walinzi wa pale, na tuliporudi alikuwa keshajua nani kati yao ana shangazi Zanzibar.

Juu kuna uwanja wa wazi wa mviringo, na ngazi nyingine za kupanda hadi ukingoni. Kutoka hapo Nizwa yote iko chini yako: msikiti na kuba lake, nyumba za rangi ya mchanga, halafu mitende, mitende mpaka jicho lichoke, na nyuma yake Jabal Akhdar. Mitende hiyo inanyweshwa na mifereji, na mkubwa kati yake ni Falaj Daris, moja ya aflaj (wingi wa falaj) tano za Omani zilizotiwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna kama 3,000 zinazofanya kazi nchini hadi leo. Maji yake hugawanywa kwa zamu za saa. Zamani mchana zilipimwa kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa kutokea kwa nyota, na haki ya zamu ilirithiwa, ikauzwa, ikawekwa wakfu. Mnara ulikuwa unalinda utaratibu huo. Mzinga ulielekezwa barabarani, lakini kilichokuwa nyuma ya mzinga ni daftari la zamu za maji.

Nikiwa juu pale nilijipangia ukoo huo kwa majengo. Baba alijenga Nizwa. Mwana mkubwa akajenga Jabrin na kufia humo. Mwana mdogo akaitwaa Fort Jesus, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, akaifanya yake. Mjukuu, Sultan bin Saif wa pili, akajenga Hazm, upande wa pili wa milima, na yeye pia amezikwa ndani ya ngome yake. Alipokufa akaacha mtoto mdogo, miji ya bara ikapigania nani awe imamu, na vita hivyo vya ndugu vikaidhoofisha nchi hadi Wareno wakapata nafasi ya kurudi Mombasa mwaka 1728. Watu wa Mombasa waliwatoa mwaka uliofuata. Hata ukoo uliokuja baadaye, wa Busaidi, uliotufikisha kwenye Zanzibar ya karafuu, ulitoka bara vile vile: mwanzilishi wake, Ahmad bin Said, alikuwa mtu wa Adam, mji wa mitende kusini mwa Nizwa, ukingoni mwa jangwa. Na Mazrui, waliotawala Mombasa kwa miaka mingi, wana mizizi upande wa mji wa Rustaq, huko huko Omani. Kila mara mgogoro wa vijiji vya mitende ulipoanza, baada ya miaka michache pwani yetu ilipata liwali mpya.

Hazm hatukuiwahi siku hiyo, iko ng'ambo ya milima na inataka safari yake. Anayepanga kwenda kote aende kati ya Novemba na Machi. Kiangazi joto la huku hupita nyuzi 40 na ngazi zile hazina huruma. Na aende na mzee wa familia yake kama yupo, hata kama mzee huyo atabaki uani.

Jioni tuliingia soko la Nizwa, lililo chini ya ngome. Watalii wengi huja Ijumaa asubuhi kwa mnada wa mbuzi. Jumamosi jioni ni kwa wenyeji, na ni kwa halua. Tulikaa kwenye duka moja ambapo mzee mwenye ndevu nyeupe alikuwa akitia halua ya zafarani na waridi kwenye visahani vya kuonja. Mjomba akamwambia kwa Kiarabu kwamba mimi ni mgeni kutoka Mombasa. Mzee akaweka kijiko chini.

"Mombasa? Basi sema Kiswahili, bwana," akasema, kwa lafudhi iliyonishtua, si ya Unguja wala ya kwetu. "Mimi nimezaliwa Bujumbura. Buyenzi."

Akatukalisha. Kahawa ikaja, halua ikaongezwa, hakuna aliyezungumzia bei. Alisema babake alitoka kijiji kilicho baina ya Bahla na hapa, akashuka pwani, akapanda chombo, akashuka Afrika, na kutoka Dar es Salaam akafuata reli hadi Kigoma kisha ziwa. Nikamuuliza kwa nini mtu wa mitende aende mbali namna hiyo. Nilitegemea aseme biashara, au jamaa waliotangulia.

"Falaj yetu ilikauka," akasema. "Ikakauka mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mitende ikafa. Vijana wote wakaondoka."

Mjomba alitaka kujua kijiji gani, na wakatumia muda kukitafuta kwa koo, kwa wadi (bonde la mto), kwa jina la mlima. Walipokipata, mjomba akauliza kama maji yalirudi.

"Yalirudi, mvua iliponyesha," akasema mzee, akinisukumia kisahani. "Lakini babangu alikuwa keshafungua duka."